Chuo unachomkataza mwanao, umekiangalia?

Msimu wa udahili ukifika, dukani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, hapakaliki. Nauza madaftari, natoa kopi, napiga picha za paspoti, lakini tangu matokeo ya kidato cha sita yatoke mwezi wa saba mpaka Septemba inaisha, kazi kubwa ni moja: kuwajazia watoto maombi ya vyuo. Mtoto anakaa pembeni yangu anataja namba yake ya mtihani. Mzazi anasimama nyuma yetu, na mara nyingi hajaja kutaja chuo anachokitaka. Amekuja kutaja asichokitaka.

“Dar hapana.” “Cha misheni hapana.” “Cha mtu binafsi weka pembeni.” “Ualimu usimwekee hata chaguo la mwisho, mwalimu.” Mwalimu ni mimi. Sijafundisha hata siku moja, ila hapa kwetu ukikaa nyuma ya kompyuta wazee wanakupa cheo hicho.

Vijana wakibaki peke yao wananiambia wazazi wangenyamaza, wamepitwa na wakati, hawajui mambo ya vyuo. Sikubaliani nao, na huwa nawaambia palepale. Anayelipa ada ana haki ya kusema hapana. Mama anayeanika dagaa Kibirizi anaitoa hiyo ada kwenye giza la ziwa: wavuvi wetu wanavua kwa taa, mbalamwezi ikikolea mitumbwi inapumzika, na mama naye anapumzika na deni lake. Chuo hakina habari na mwezi. Kinataka awamu ya pili kabla ya mtihani. Mwaka 2024 serikali iliposimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, nilipokea hapa wazazi waliokuja kuniomba niwaandikie barua za kuomba chuo kiwavumilie. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia anyamaze.

Ninachomwomba ni kimoja. Kabla hajakikataa chuo, akiangalie. Na kabla hajakikubali, akiangalie mara mbili zaidi, maana vyuo vinavyowaumiza watoto wa Kigoma, kwa ninavyoviona kwenye skrini hii, karibu vyote ni vile ambavyo hakuna mzazi aliyevikataa.

Nianze na Dar. Hofu ya Dar siidharau. Reli ya kutoka hapa mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,200. Mtoto akiugua, mama anamaliza siku njiani kabla hajamshika mkono. Hosteli hazitoshi, na binti wa miaka kumi na tisa anaishia kupanga chumba uswahilini na wenzake wasiojuana. Haya ni ya kweli. Ila mzazi huyohuyo akishasema “Dar hapana”, anapumua, ananiambia niweke Mwanza, niweke Dodoma, niweke Mbeya, na hapo haulizi tena chochote. Haulizi kama hosteli ipo. Haulizi kama mwaka wa kwanza wanapewa kipaumbele, au chumba cha kupanga kiko umbali gani na darasa la jioni. Majaribu aliyoyakimbia Dar yanamsubiri mtoto kwenye mji mwingine, na safari hii hakuna aliyemtahadharisha.

Ualimu nao una kesi yake. Mzazi anayeukataa ana ushahidi nyumbani: kaka mtu ana digrii ya ualimu na anaendesha bodaboda kati ya Mwanga na Gungu, kila nafasi zikitangazwa anaomba, na siku hizi hata walimu wanafanyiwa usaili kama watumishi wengine. Nimekata tamaa ya kubishana na huyo. Namuuliza tu, mtoto ana nini kwenye Hisabati na Fizikia? Upungufu wa walimu wa masomo hayo unasemwa kila mwaka, na mtoto mwenye alama nzuri hapo hana hali moja na mwenzake anayekwenda kusoma masomo ambayo walimu wake wamejaa mtaani. Vyuo vya ualimu viwili vya serikali viko Kasulu, Kasulu yenyewe na Kabanga, mwendo wa basi tu kutoka hapa. Mzazi anavipita kama mti wa barabarani kwa sababu ya neno moja, ualimu.

VETA, vyuo vya ufundi stadi, sitaisemea sana. Wanaiita chuo cha waliofeli, na wanaosema hivyo wakiharibikiwa umeme au bomba wanamtafuta kijana wa VETA usiku. Basi.

Suala la dini nalichukulia kwa uzito kwa sababu mimi mwenyewe ni mtoto wa Ujiji, nimelelewa madrasa kwa maalimu kabla ya shule. Mzee mmoja wa kwetu alikuja na binti yake anayetaka utabibu. Nikamwamkia, akakaa, akasema taratibu, “Mwanangu, huyu asiende chuo cha misheni.” Nikamuuliza, “Mzee wangu, ukiumwa ukazidiwa hapa hospitali ya Maweni wanakupeleka wapi?” Akasema Bugando, Mwanza. Bugando ni ya maaskofu, na ni hospitali ya rufaa ya kanda. Kaka yake alilazwa huko mpaka akapona. Mzee alinyamaza, kisha akaniambia jambo la haki kabisa: mgonjwa analala wiki mbili anarudi, binti anakaa miaka mitatu. Ningemjibu nini? Tukapiga simu chuo chenyewe, nikaweka sauti juu, akauliza mwenyewe. Hijabu ikoje darasani na wodini? Ijumaa mchana ratiba inasemaje? Ibada ya asubuhi ni ya lazima kwa wote? Dada aliyepokea alijibu swali moja moja bila kuona taabu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, na bado akakataa. Nilimheshimu. Tulimtafutia binti chuo kingine siku ileile, na mzee aliondoka akijua alichokikataa ni kipi.

Wapo pia wanaosema serikali tu, binafsi kamwe. Hawa nawakumbusha mambo mawili ambayo nchi nzima iliyaona. Mei 2016, wanafunzi zaidi ya 7,000 wa diploma maalumu ya ualimu wa sayansi walirudishwa nyumbani kutoka UDOM, chuo kikuu cha serikali. Baadhi walikuja kupangiwa vyuo vya ualimu, wengine wakaambiwa hawana sifa. Mwaka uliofuata, 2017, Tume ya Vyuo Vikuu ikazuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya. Ukisikia hayo mawili pamoja unaona kwamba ubao wa getini, uwe na nembo ya taifa au jina la mtu, haukuambii ya ndani. Kuna chuo binafsi kina maabara na hospitali yake, na kuna kingine ni ghorofa la kupanga lenye bendera ya rangi.

Sasa nifike Kibirizi, maana hapa ndipo panaponiuma.

Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, ana kampasi Kibirizi. Ndiyo, Kibirizi hii hii yetu, ambako treni la mizigo linasikika na harufu ya dagaa inakupokea kabla hujafika. Nyingine ziko Mbegani, Nyegezi, na kwingineko. Vijana wanasafiri kutoka mikoa isiyo na hata bwawa kuja kusoma hapa. Wa kwetu hawaji, na anayewazuia ni baba.

Alikuja mmoja, ana mitumbwi na watu wa kumvulia, na kijana wake wa kidato cha nne mwenye C ya Baiolojia. Kijana alikuwa amelifungua tangazo la FETA kwenye simu yake, amelisoma kiasi kwamba sifa za kujiunga alizijua kwa kichwa. Baba akacheka, si kwa ubaya. “Nikamlipie ada akafundishwe kuvua? Huyu nilimpandisha mtumbwini kabla hajajua kusoma.” Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka naye. Kijana akaifunga simu akaiweka mfukoni.

Nikamuuliza yule baba maswali ya kazi yake, kwa sababu hiyo anaijua kuliko mimi. Dagaa wako wa masika uliwaanika wapi? Mchangani. Mvua ilipokunyeshea? Nusu walioza, walionusurika nikawauza kama chakula cha kuku. Jirani yako mwenye chanja ya kuanikia aliuza bei gani? Hapo alikuna kidevu. Wanunuzi wanaovuka ziwa na wanaokuja kutoka bara wanachambua: dagaa wa chanja msafi ana bei yake, wa mchangani ana yake. FETA wanafundisha uchakataji na ubora wa samaki. Wanafundisha ufugaji wa samaki, na serikali inasukuma vizimba vya kufugia kwenye maziwa yetu. Miezi ile ziwa lilipofungwa, mwenye maarifa ya kufuga ndiye angekuwa na cha kuuza. Kuvua mtoto amejifunza kwa baba, sawa, na hakuna chuo kitakachomzidi baba hapo. Biashara nzima inayoanza mtumbwi ukishafika ufukweni ndiyo hakuna aliyemfundisha.

Baba akaniambia kwamba mtoto keshapata nafasi kwingine. Kuna kijana anayepita mitaani na fomu, amemwahidi mtoto ataingia famasi.

Nikafungua matokeo ya mtoto. Kemia, F.

Famasi bila Kemia haiwezekani. Sifa za kujiunga zinataja Kemia na Baiolojia waziwazi, na majina ya waliodahiliwa yanakwenda kuhakikiwa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya cheti na diploma. Kijana wa fomu anajua. Yeye analipwa kwa kila kichwa anachopeleka, na jina likija kukataliwa ada ya awamu ya kwanza imeshaingia. Baba aliyekataa chuo kilicho mlangoni pake, chenye kozi ambayo mtoto wake ana sifa nayo, alikuwa amekubali chuo cha mkoa mwingine kwa maneno ya mtu ambaye baba mwenyewe hajui hata anakokaa.

Watu wa Simbo wakitaka kupanda michikichi ya Tenera siku hizi wanauliza mche umetoka wapi, kama ni wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga au ni wa kuokota, kwa sababu wanajua wakikosea watagundua miaka mitatu baadaye, shamba likiwa limeshawamaliza. Kwa ada ya miaka mitatu hawaulizi mche.

Na miaka mitatu baadaye wanakuja kwangu. Binti mmoja wa Mwandiga alikuja na cheti chake cha diploma kwenye bahasha ya kaki, anataka kuomba digrii. Anayetoka diploma anaomba kwanza namba ya uhakiki NACTVET, ile wanayoiita AVN, na bila hiyo maombi ya chuo kikuu hayaendi. Tukajaza jina la chuo, mwaka aliohitimu, namba yake ya usajili. Taarifa zake hazipo. Tukarudia, pengine nimekosea herufi. Hazipo. Nikamwambia tujaribu kwa jina la kozi, na hapo nikaona: chuo kipo kwenye orodha, kimesajiliwa, kozi nyingine zake zipo. Kozi aliyosoma yeye haipo.

Baba yake alikuwa kwenye benchi nje, ana madumu yake ya mawese aliyokuja kuuza sokoni. Alipoitwa aliingia, akafungua mfuko wa nailoni, akatoa risiti zote za chuo tangu siku ya kwanza, zimepangwa kwa tarehe, zimebanwa na kipande cha waya kwa sababu pini hazikutosha. Akaziweka juu ya kibodi.

“Zihesabu, mama. Zimetimia.”

Zilikuwa zimetimia. Hakudaiwa hata senti. Chuo kilimwambia binti asubiri, suala linashughulikiwa, na nijuavyo mimi bado anasubiri. Wenzake darasa zima vilevile.

Kwa hiyo mzazi akiniuliza leo chuo gani nimkataze mwanangu, simtajii mji wala dini. Nafungua kitabu cha mwongozo wa udahili. NACTVET wana chao kwa cheti na diploma, TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, wana chao kwa digrii, vyote viko wazi mtandaoni na havilipiwi. Natafuta jina la chuo, halafu natafuta jina la kozi ndani ya chuo hicho. Watu wengi wanaishia kwenye jina la chuo, na hilo ndilo lililomponza yule baba wa Mwandiga. Kitabu kinaonyesha kozi ni ya miaka mingapi na nafasi ni ngapi, na cha NACTVET kinaonyesha na ada ni kiasi gani. Chuo kikikuambia ada iliyo mbali na iliyoandikwa mle, uliza kwa nini. Chuo chenye nafasi mia kikijaza ukumbi kwa mia tatu, uliza watafanyia wapi vitendo.

Vitendo! Kama ningepewa swali moja tu la kuuliza chuo cha afya, ningeuliza hilo. Wodi ipi, hospitali ipi, wanafunzi wangapi kwa mgonjwa mmoja. Muuguzi anayehitimu atakutana na mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, na Baraza haliangalii jinsi alivyopendeza kwenye mahafali. Muulize aliyehitimu mwaka jana, sio anayegawa fomu. Chuo kizuri kitakupa namba za wahitimu wake bila kuhangaika.

Halafu hesabu yote, sio ada peke yake. Bima ya afya ya mwanafunzi. Tozo ya NACTVET. Sare, hosteli, nauli ya kwenda na kurudi, godoro, vifaa vya vitendo, mchango huu na ule. Wazazi wengi wanashindwa awamu ya pili kwa sababu waliijua ada na hawakuyajua haya. Mkopo nao: tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha hata diploma, kwa fani za kipaumbele zikiwemo za afya, lakini usimwandikishe mtoto ukitegemea mkopo kabla hujaliona jina lake kwenye orodha ya waliopata.

Mimi nami ni mzazi, na nimewahi kukataa chuo. Mwanangu wa kwanza alitaka sana kwenda mahali fulani kwa sababu rafiki zake watatu walikuwa wanakwenda. Nilipiga simu nikauliza hospitali ya vitendo ni ipi. Yule mtu akasema, “Lipia kwanza fomu, mama, mengine mtaelekezwa akisharipoti.” Nikauliza tena kwa maneno mengine. Jibu lilelile. Nikamwita mwanangu, nikapiga kwa mara nyingine mbele yake, naye akasikia kwa masikio yake. Alilia siku hiyo, sikumzuia. Kesho yake alikuja na vyuo viwili alivyovitafuta mwenyewe kwenye kitabu, na kimoja kati ya hivyo ndicho anachosoma sasa.

Hilo la kumwita mtoto asikie naliona wazazi wengi wanaliruka. Wanamkatazia chuo sebuleni, mtoto anabaki na hasira na marafiki wanaomwambia mama yako mshamba. Mpeni simu aulize mwenyewe. Mwacheni afungue kitabu mbele yenu. Na baba, kama yeye ana hoja ya chuo anachokitaka, kama yule kijana aliyelikariri tangazo la FETA, sikiliza mpaka mwisho kabla foleni haijaanza kucheka.

Dirisha la maombi likifunguliwa, asubuhi pana msongamano na intaneti inasuasua. Njooni mchana, kati ya saa nane na saa kumi. Kukuonyesha kitabu cha mwongozo sitozi hela, hata kama maombi utajazia kwingine. Njoo na namba ya mtihani ya mtoto, njoo na jina kamili la chuo kama lilivyoandikwa kwenye fomu uliyopewa, na kama kuna kijana aliyekuahidi nafasi, njoo na namba yake ya simu. Tutampigia pamoja.